Nafasi Kati ya Vikwembe Viwili

Area 36, Lilongwe
3 Machi 1996

Yaya Feza,

Assalaam aleikum. Idd imepita nami sikufika. Najua umeninunia, dada yangu, basi nuna kidogo kisha usome. Barua hii anakuletea Hubert, fundi cherehani wa Bukavu anayekaa huko kambini kwenu na anayekuja mjini kila juma kununua uzi na kusali na wenzake. Ni mtu mwaminifu, ila usimpe chai nyingi, atakusimulia Bukavu yake mpaka jua lizame.

Nina habari. Pale ghala la vitambaa Kanengo nilipokuwa nabeba marobota, sasa nimeketi kitini. Bosi amenunua kompyuta, na aliposikia kwamba nilikuwa karani wa reli na kwamba napiga taipu kwa vidole vyote, akaniweka mbele yake. Kazi yangu ni kuingiza kila kitambaa kilichomo ghalani. Kila kimoja kina namba, imechapwa kwenye pindo. Namba ninazo tele, majina sina.

Na hapo ndipo kichwa kinaniuma. Wanawake wanaokuja kununua hawaombi namba. Juzi alikuja Mathilde, Mzaire mwenzetu mwenye kibanda kwenye soko letu la Area 36, akasema anataka "Jirani Funga Dirisha". Mimi kitambaa hicho nakijua, nimekulia chini ya meza ya Mama sokoni, nimekilalia utotoni. Lakini kiko rafu gani? Nilizunguka ghala lote. Bosi akacheka, halafu akaacha kucheka. Ameniambia nitafute majina yote ambayo wanawake wanayaita, niyaweke kwenye mashine karibu na namba zake, ili mtu akitaja jina tu tuoneshwe mahali. Nikiweza, kiti hiki ni changu. Nikishindwa, narudi kubeba.

Sasa nani anayajua majina kuliko Mama? Nusu ya majina ya soko la Kindu aliyatoa yeye. Mkalishe, mpe kahawa, muulize, andika. Na vile vikwembe, vitenge mlivyotoka navyo nyumbani, kata pembeni kipande kidogo kama stempu, umpe Hubert, nilinganishe.

Mama hajambo? Nilimwona siku mlipofika tu, na homa ile hata macho hakufungua. Ananitaja?

Mdogo wako,
Djafari


Dzaleka
12 Machi 1996

Djafari,

Waaleikum salaam. Sijanuna. Nilinuna siku ya Idd na kesho yake, nikachoka.

Nikate vikwembe vya Mama? Nsima ya mjini, ugali wao huo, imekulevya. Ilibidi nivizie alipolala mchana, nikakata kama mwizi, na Nizigama, jirani yangu Mrundi, akisimama mlangoni kulinda. Vipande hivyo hapo, vitunze. Namba za pindo usiniulize. Mapindo yote tuliyachana njiani. Tulifungia mizigo kwenye boti ya Kigoma, tulifungia sufuria, na moja nilimfunga shemeji yako Kasongo mguu alipoteguka Mbeya, na jinsi alivyolia sitaandika kwa sababu anachungulia. Kwa hiyo wewe una namba bila majina, sisi tuna majina bila namba. Tutafanyaje, tuunganishe umaskini.

Haya, andika. "Mvua ya Alunguli" ndiyo hiyo ya vistari vya buluu vilivyolala upande. Unakumbuka? Mvua ilitukuta katikati ya mto, tunavuka kutoka Alunguli na marobota mapya, yote yakalowa. Mama akayauza mabichi vilevile, akawaambia wanawake hii ni rangi mpya inayotaka maji. "Mume Kaenda Kisangani" ni ya ndege wawili waliopeana migongo. "Macho ya Karani" ni viduara vyeupe, na karani mwenyewe si wewe, ni yule wa ushuru aliyekuwa anatoza kwa kutazama. "Mgeni Usiulize" ina milango midogo myekundu. "Ukinipenda Nipe Mchele" unaijua, kila mwanamke wa Kindu aliivaa, na kila mwanamume alijifanya hajui inaitwaje. "Mama Mkwe Ameona" ni miavuli. Hiyo niliivaa kwenye harusi yangu, na mama mkwe kweli aliona. Nyingine nimeandika nyuma ya ukurasa.

Nilipokuwa naandika nilisikia harufu ya soko lile. Mawese, samaki wa moshi, mchele mpya uliotoka kutwangwa. Hapa upepo unaleta vumbi tu. Nililia kidogo nikaendelea.

Mama anasema usisahau sheria yake ya biashara. Kikwembe bila jina hakiuzwi, na kikishapata jina, kinaondoka. Anakusalimia sana. Anasema ule, unenepe.

Yaya wako,
Feza


Area 36, Lilongwe
31 Machi 1996

Yaya Feza,

Vipande vyako vimefanya kazi kubwa. Nimepita rafu kwa rafu nikivilinganisha, na sasa vikwembe vingi vina jina na namba, mke na mume wameonana. Ningetamani uone mashine hii. Unaandika ovyo ovyo, jina lolote kwanza, jina lolote mwisho, halafu unabonyeza kitufe kimoja na majina yote yanakimbia kila moja mahali pake, kuanzia A mpaka Z. Hakuna linalobishana. Kule reli tulikuwa na kabati zima la kadi, na mtu mzima aliyelipwa kuzipanga, na bado tulipoteza mizigo ya watu.

Nimechapa orodha nzima, Hubert anayo. Msomee Mama, afurahi.

Salamu zake ni fupi siku hizi. Zamani angenitukana ukurasa mzima kwa kukosa Idd. Mwambie nimenenepa.

Mdogo wako,
Djafari


Dzaleka
9 Aprili 1996

Djafari,

Karatasi yako imefika, ile ndefu isiyokatika yenye vitundu pembeni. Mama aliishika, akaikunjua, akaipima kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, kiwiko mpaka ncha ya kidole, hadi mwisho. Kisha akaikunja kama kikwembe cha dukani akanirudishia. "Haina rangi," akasema. "Bamama ba kwetu habatavala hii." Nizigama alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamsomea. Alinyamaza vizuri mpaka nilipofika "Mama Mkwe Ameona", halafu "Mgeni Usiulize", halafu "Mume Kaenda Kisangani". Hapo alinishika mkono. "Nani alipanga hivi?" Nikamwambia ni mashine. "Hiyo mashini haina mama? Bwana ameenda Kisangani, we unamulaza mugeni pembeni ya bibi yake? Na mama mukwe anaangalia? Njo kuvunja nyumba ya batu!"

Na kweli, Djafari, nimekumbuka. Mezani kwake havikupangwa kwa rangi wala kwa bei. Kila kikwembe kilikuwa na majirani zake, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Mwanamke akija kuuliza "Mume Kaenda Kisangani", Mama alimwonesha pia "Ukinipenda Nipe Mchele", kwa sababu mume akisafiri swali linabaki la mchele. Hakumuuliza mtu ana shida gani. Alimwonesha jirani tu, akamwacha atazame. Herufi zako zinajua nini? Herufi hazijawahi kuachwa na mume.

Nimeandika majirani wa kila kimoja kama anavyovipanga mwenyewe. Kila asubuhi anavitandika kwenye mkeka, vyote, hata kama hakuna mnunuzi. Kuna kitu kimoja kinanichosha. Kati ya "Mvua ya Alunguli" na "Macho ya Karani" anaacha nafasi ya kikwembe kimoja kilichokunjwa. Nikisogeza kimoja nipate pa kuweka hata kikombe, ananipiga mkono. "Pale iko mutu," anasema. Nikimuuliza nani, ananitazama kama mimi ndiye mpumbavu.

Anakusalimia. Anasema ule, unenepe.

Feza


Area 36, Lilongwe
21 Aprili 1996

Yaya Feza,

Mwambie Mama ameshinda. Nimeongeza safu mbili kwenye mashine, moja ya jirani wa kulia na moja ya jirani wa kushoto. Sasa mtu akitaja kikwembe kimoja, vinatokea vitatu. Bosi alinitazama kwa jicho la pembeni, akasema huu ni uchawi wa Zaire. Kisha Mathilde akaja kuchukua kimoja, akaoneshwa majirani, akacheka peke yake kwa kitu alichokijua mwenyewe, akaondoka na vyote vitatu. Tangu hapo bosi hasemi uchawi. Amesema kiti ni changu.

Lakini ile nafasi imeniingia kichwani. Nimeifungulia mstari wake, kulia na kushoto nimejaza, katikati hapana kitu. Mashine haipendi. Kila asubuhi nikiifungua inaniuliza kama kuna jina nimelisahau. Ni kitambaa gani hicho? Nilidhani navijua vyote.

Nitamuuliza mwenyewe. Bosi amenipa ruhusa, nakuja Idd ya kuchinja! Nitapanda gari mpaka njia ya Dowa, halafu kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka mlangoni kwako, na kama hakuna mikate ya mchele narudi na kabaza huyohuyo. Usimwambie Mama. Nataka nimwone uso wake akinikuta nimeketi mkekani.

Mdogo wako,
Djafari


Area 36, Lilongwe
1 Mei 1996

Feza,

Sikukuaga vizuri, na sijui kama ningeweza.

Nilikaa mkekani. Mama akanitazama, akavuta nguo yake vizuri kama anavyofanya mteja akija, akasema, "Karibu baba. Unatafuta rangi gani?" Nilidhani ni mzaha wake. Nikacheka. Yeye akasubiri. Wewe ulikuwa umesimama na chai mkononi na hukushangaa hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba ulijua.

Akanionesha "Jirani Funga Dirisha". Akasema itampendeza bibi yangu. Nikachagua, akanifungia, akaniombea safari njema. Ningefanya nini?

Zile salamu zote, ule unenepe, mwambie nimenenepa. Nilikuwa nazungumza na nani? Ulikaa pale ukiandika salamu za mtu asiyejua kama nipo duniani, na mimi nilizisoma kila jioni kama mjinga.

Nisamehe, siandiki tena mpaka nitulie.

Djafari


Dzaleka
10 Mei 1996

Djafari, mtoto wa mama yangu,

Umemaliza? Sasa nisikilize na mimi.

Ilianza njiani. Mbeya alipoteza siku za juma, nikasema ni uchovu. Karonga alimwita Kasongo kwa jina la baba yetu. Hapa kambini alinipoteza mimi. Kuna asubuhi ananiita mama, ananiomba ruhusa ya kwenda mtoni. Ulitaka nikuandikie hayo? Ukiwa peke yako kwenye chumba cha kupanga, usiku uyaweke wapi? Niliandika salamu ambazo angezituma kama angekuwa na akili zake zote. Sikuziokota barabarani. Nimeishi na mwanamke huyo miaka mingi kuliko wewe, najua angesema nini.

Wewe umeumia siku moja, ukapanda gari. Mimi namsuka nywele kila Ijumaa na ananiuliza mama yangu ni nani, na nina hasira, Djafari, na nimechoka, na ninampenda. Yote hayo kwa pamoja, na maji ya kuchota bado.

Lakini vikwembe havijampotea hata kimoja. Akifumba macho, akishika pembe tu, anakwambia kilifika kwa boti ipi na nani alikinunua wa kwanza. Kwa hiyo ile kazi yako si mchezo. Huko ndiko aliko. Ukiiacha, mimi nitaendelea kuandika majirani peke yangu, hata nyuma ya makaratasi ya mgao.

Hubert atapita kwako kila juma. Kumpa barua au kumrudisha mkono mtupu, ni hiari yako.

Feza


Area 36, Lilongwe
14 Julai 1996

Yaya Feza,

Hubert amesimama mlangoni kwangu kila juma, akaniuliza, "Hakuna barua?" Nikasema hakuna. Akaketi vilevile akanisimulia Bukavu, maua ya mabustanini, ziwa lilivyokuwa likionekana kutoka kanisani, mpaka nami nikaanza kuitamani Bukavu nisiyowahi kukaa. Hasira iliisha zamani. Kilichobaki ni aibu ya kuwa nilikasirika. Nisamehe, yaya. Ulinitunzia mama kwenye barua, nami nikakutukana.

Nikueleze ninachokiwaza na usinicheke. Anasema katikati pale kuna mtu. Isije ikawa mtu huyo ni mimi? Nikikipata kitambaa hicho, akakishika, akakinusa, labda mlango utafunguka aniite jina langu. Mara moja tu inanitosha. Sina kitu kingine ninachokitaka mwaka huu.

Nimekutumia kipande. Ni kitambaa cha njia mbili nyeusi zinazokwenda sambamba, kama reli. Nilidhani, karani wa reli, huenda ndicho. Mpe tuone.

Mdogo wako,
Djafari


Dzaleka
23 Julai 1996

Mdogo wangu,

Nilishakusamehe kabla hujaomba, ila nilitaka uombe.

Kipande chako amekishika, amekigeuza, amekitupa. "Hii ni barabara tu." Kasongo naye akajaribu kuweka kitambaa chake cha jasho kwenye ile nafasi, akapigwa.

Lakini Ijumaa nilipokuwa namsuka nilimuuliza polepole, bila kumtazama usoni, kama mtu anayeuliza bei asiyoitaka. Nikamwita kwa jina lake la sokoni, nikasema, Mama Feza, ile ya katikati ilikuwaje? Akasema, "Ile ya mataa." Nikasuka mistari mingine. Akasema tena, "Ilikuya siku treni ilienda. Ile haikuuzwa. Hata siku moja haikuuzwa." Halafu akataka maji, na yakaishia hapo.

Siku treni ilipoondoka, mimi nilikuwa nimeshaolewa, niko Kibombo. Ni wewe uliyeondoka na treni, kwenda kazini Kalemie. Alikusindikiza?

Nataka kukwambia kitu kama dada. Kitafute, lakini usijitese. Hata kikipatikana, huenda kikawa kitambaa tu, na yeye akabaki vilevile.

Feza


Area 36, Lilongwe
29 Septemba 1996

Yaya Feza,

Alinisindikiza. Alichelewa, nilidhani haji. Kisha nikamwona anakuja mbio kwenye stesheni ya Kindu na mzigo kichwani, robota jipya lililotoka kufunguliwa, aliogopa kuliacha sokoni. Treni ikaanza kuondoka. Kila mama pale alipunga mkono, yeye hakupunga, mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mzigo. Alisimama tu mpaka kona. Miaka yote nimemkumbuka hivyo bila kujua kichwani alibeba nini.

Nilipopata barua yako niliandika "taa" kwenye mashine, ikanijibu hakuna. Nikajaribu kandili, nikajaribu kwa Kiingereza, nikajaribu kila rangi ya usiku. Hakuna. Nilikaa hivyo Agosti nzima. Halafu ile sheria yake ikanirudia. Kikwembe bila jina hakiuzwi. Basi nikaacha kuuliza kinaitwaje. Nikaiambia mashine, nioneshe kile ambacho hakijawahi kuuzwa tangu ghala lifunguliwe. Bosi anaviita mizigo iliyokufa. Vikatokea vichache sana.

Nilikikuta nyuma kabisa, chini ya marobota mengine yote. Buluu iliyokaribia kuwa nyeusi, na vitaa vidogo vya njano vimepangwa safu safu, kama taa za stesheni ile wakati wa kiza. Nilikaa juu ya robota nikalia, mwanamume mzima. Bosi akaja, akanitazama. Alikata kikwembe kizima mwenyewe, akanipa. Nilisema zikomo, asante ya hapa, mpaka akaniambia inatosha.

Hubert anacho, kizima, na pindo lake halijachanwa. Muwekee Mama mikononi asubuhi akiwa ametulia. Kisha uniandikie neno la kwanza atakalosema, na safari hii, yaya, lolote lile, uniandikie kama lilivyo.

Djafari


Dzaleka
3 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Nimekawia kwa sababu Hubert hakusafiri. Redio inataja Uvira na Bukavu kila saa, na vita vimefika mlangoni kwao. Hubert hasimulii tena Bukavu. Anakaa karibu na redio ya Nizigama na hashoni kitu. Hata kikwembe chako kilikaa kwake siku nyingi, akisahau kwamba anacho.

Nimempa Mama asubuhi. Alikishika, akanusa, akapitisha kidole kwenye pindo lote mpaka mwisho. Akakikunja. Akakiweka kwenye ile nafasi, kati ya mvua na karani, na kilienea sawasawa. Nilisubiri, Djafari. Nilisubiri kwa ajili yako mpaka miguu ikafa ganzi. Hakutaja jina lako. Alikaa akitazama mkeka wake uliojaa, kisha akasema, "Leta karatasi. Andikia ule baba wa mashini." Hivi ndivyo alivyosema. Sikuongeza hata salamu.

"We baba wa mashini, mi ni Mama Feza wa soko ya Kindu. Kikwembe ulituma imefika, na njo yenyewe. Mungu akuone. Banasema we unapanga bikwembe yetu mu mashini, na mashini haisahau. Basi mi naomba kitu. Niko na mutoto mwanaume. Alienda na treni, na siku ile njo hii kikwembe ilifika. Bamama bakakuya, bakaniuliza, Mama Feza, hii jina yake nini? Nikakatala. Kama ningeipa jina, bangenunua, ingeenda. Siku ile mumoja alikuwa amekwisha kwenda. Nikasema, leo hii inatosha.

"Sasa niko muzee, bintu bingi binanitoka. Batu banafikiri jina ya mutoto yangu imenipotea, sababu siitaji. Jina niko nayo. Siisemi tu. Bengine bote niliita majina yabo, na bote bameenda. Huyu sitamuita. We umuweke mu mashini pale katikati, mvua kushoto, karani kuume, bila jina, akae. Na kama unamuona huko Lilongwe, iko murefu, chakula anachezea. Umwambie ale. Anenepe."

Hayo ndiyo maneno yake. Hilo la mwisho lilinifanya nitoke nje kidogo.

Yaya wako,
Feza


Area 36, Lilongwe
10 Novemba 1996

Kwa Mama Feza, wa soko la Kindu.
(Yaya, umsomee polepole, akiwa mkekani kwake.)

Shikamoo Mama. Mimi ni yule mtu wa mashine. Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja.

Nimefanya kama ulivyoniagiza. Kushoto ipo "Mvua ya Alunguli", kulia yapo "Macho ya Karani", na katikati sikuandika jina. Mashine bado haipendi. Kila asubuhi nikiifungua inaniuliza kama kuna jina nimelisahau. Nami naijibu hapana, sijasahau, tuendelee na kazi.

Mwanao namfahamu. Namwona kila siku. Ana kazi nzuri, analala pakavu, bado ni mrefu. Nilimfikishia salamu zako jioni ileile, na mbele yangu alikula nsima na maharage mpaka sahani ikabaki nyeupe. Anasema anakumbuka stesheni. Anasema aliona kwamba mikono yako ilikuwa imeshika mzigo, na kwamba hakuwahi kufikiri ulikataa kumpungia. Hakuniuliza kama unalijua jina lake. Naona hana haja ya kuuliza tena.

Jumapili nitakuja huko kwenu kutazama vikwembe. Unikaribishe kama unavyomkaribisha mteja yeyote, unioneshe rangi. Sina haraka, nitakaa mpaka umalize kunionesha vyote.

Ni mimi,
mtu wa mashine